Kutengeneza jarida la muziki chuoni: mwongozo kwa vijana wetu walioko Kakamega

Kila mwaka KUCCPS huwatawanya vijana wa Pwani vyuo vya mbali. Wapo wa Lamu, Kilifi, Kwale na Mombasa waliopangiwa Kakamega, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, MMUST. Chuo hicho kilianza miaka ya 1970 kama chuo cha harambee kilichoitwa WECO, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Kina idara ya uanahabari na mawasiliano, na mwanafunzi wa fani hiyo, kama mwenzake wa chuo kingine chochote, hufika siku akaambiwa atengeneze kitu kinachoshikika mkononi. Wengi huchagua jarida la muziki.

Si kazi ngeni. Huko Uingereza bodi ya mitihani ya OCR kwa miaka kadhaa iliwapa wanafunzi wa somo la media kazi hiyo hiyo: jalada, ukurasa wa yaliyomo, na kurasa mbili zinazotazamana zenye makala kuu, vyote vya jarida jipya la muziki. Matokeo yake mengi yalikuwa ya kubuni. Rafiki anashikishwa gitaa asilojua kulipiga, anapewa jina la usanii, anaandikiwa mahojiano ambayo hayakufanyika. Alama zinatolewa, na faili linabaki kwenye kompyuta ya shule mpaka lifutwe.

Aliyeko Kakamega hana sababu ya kubuni mwanamuziki. Wako wa kweli, karibu na lango la chuo, na habari zao nyingi hazijawekwa kwenye maandishi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyasoma. Kwa hiyo makala haya yanaeleza jinsi jarida kama hilo linavyotengenezwa toka wazo hadi nakala, kwa kutumia muziki wa huko kama mfano. Mwanafunzi aliyebaki Pwani anaweza kuyatumia vilevile, abadilishe tu isukuti kwa chakacha.

Kuna nini cha kuandika

Tuanze na isukuti. Ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya zinazoishi upande wa Shinyalu na Ikolomani. Jina limetokana na ngoma zenyewe, ambazo hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwimbishaji mmoja huongoza, na wachezaji hujipanga kwa safu, wanaume kwao na wanawake kwao. Huchezwa kwenye harusi, matanga, sherehe na hata kwenye mapigano ya mafahali. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sababu zilizotajwa zinaumiza: wajuzi ni wazee, warithi hawaonekani, vifaa vya kuundia ngoma ni taabu kupatikana, na watazamaji wamehamia kwenye burudani ya kununua. Msomaji wa Pwani ataikumbuka orodha hiyo, maana mila za Kaya za Wamijikenda ziliingizwa humo mwaka 2009.

Kisha kuna omutibo, mtindo wa gitaa kavu uliostawi Magharibi mwa Kenya miaka ya 1950. Jina lake kubwa ni George Mukabi wa Kisa, aliyeimba kwa Kiswahili na kwa Kiluhya na ambaye wengi wanamjua kwa "Sengula Nakupenda". Aliuawa mwaka 1963, angali kijana. Gitaa moja linabeba besi na sauti ya juu kwa pamoja, na kando yake mtu anagonga au kukwaruza chupa ya soda kushika mwendo. Mwaka 2017 lebo ya Marekani, Olvido, ilikusanya rekodi zake kwenye santuri iitwayo Furaha Wenye Gita. Kazi nzuri, na ninaishukuru. Lakini fikiria kwamba mtu wa Oregon au Berlin leo anaweza kuwa na maelezo ya maisha ya Mukabi rafuni kwake, na mwanafunzi aliyezaliwa Khwisero hana hata karatasi moja.

Daudi Kabaka, aliyepata umaarufu Nairobi na bendi ya Equator Sound na kutuachia "Helule Helule", alikuwa Mluhya pia. Alifariki mwaka 2001, mwaka ule ule aliofariki Fadhili William wa Taita. Jacob Luseno na Sukuma bin Ongaro waliendeleza muziki wa dansi wa Kiluhya. Kwa upande wa vyombo vya asili kuna litungu, kinubi cha Wabukusu, na shiriri, ambayo ni fidla ya uzi mmoja. Hayo yote yako ndani ya safari ya siku moja kwa matatu.

Halafu kuna Mumias, ambayo wanafunzi wetu huisahau kwa kuwa wanaijua kwa miwa tu. Misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilipiga kambi kwa Nabongo, na Uislamu na Kiswahili vikaota mizizi huko kabla reli haijafika. Jarida la muziki lenye makala moja kuhusu kinachoimbwa kwenye harusi za Mumias, na kinafanana vipi na kinachoimbwa kwetu, lingesomwa Kakamega na lingesomwa Majengo. Mwanafunzi wa Pwani ndiye hasa wa kuiandika, kwa sababu ana masikio mawili.

Waliotangulia

Majarida ya wanafunzi Afrika Mashariki yana historia inayofaa kujulikana kabla ya mtu kuketi kwenye kompyuta. Makerere walikuwa na Penpoint toka 1958, lililotoka idara ya Kiingereza, na Ngũgi wa Thiong'o alichapisha humo hadithi zake za mwanzo akiwa bado mwanafunzi. Nairobi wakawa na Nexus mwaka 1967, ambalo baadaye likageuka kuwa Busara. Dar es Salaam kulikuwa na Darlite, na mwaka 1969 likazuka Cheche, la wanafunzi wa siasa za kimapinduzi. Cheche halikupita kwenye kiwanda cha uchapaji cha maana. Lilipigwa taipu juu ya stensili, likazungushwa kwenye mashine ya saiklostaili, na wanafunzi wenyewe wakazipanga kurasa na kuzibana. Mwaka 1970 serikali ililipiga marufuku, na leo bado linazungumzwa. Majarida yenye karatasi ya kung'aa ya miaka ile mengi hayakumbukwi.

Upande wa muziki mfano wa aina hiyo ni Sniffin' Glue la London, 1976, ambalo kijana aitwaye Mark Perry alilitengeneza kwa taipu na kalamu nene ya wino kisha akalitoa fotokopi. Halikuwa na msanifu wala studio. Liliandika kuhusu bendi ambazo magazeti makubwa hayakuwa yakizijali, na hilo likatosha.

Kwetu, yeyote anayetaka kuona uandishi wa utamaduni wa Afrika Mashariki unavyoweza kupangwa vizuri atafute matoleo ya Jahazi, lililoanzishwa na Twaweza Communications mwaka 2006. Kwa utafiti wa muziki wenyewe, Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells wamerekodi vikundi vingi vya asili, vya Magharibi vikiwemo. Kabla yao alipita Hugh Tracey mwaka 1950 na 1952 na mashine yake. Usiende kijijini kuuliza maswali ambayo tayari yamejibiwa.

Kwanza msomaji, halafu jina

Kosa linaloharibu miradi mingi hutokea siku ya kwanza, pale kikundi kinapokaa wiki nzima kikibishania jina la jarida na rangi ya nembo. Jina linaweza kusubiri. Kinachotangulia ni kujua nani atalisoma. "Vijana" si jibu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesikiliza gengetone kwenye simu, mwalimu wa muziki wa sekondari anayejiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, mzee aliyewahi kucheza gitaa, na Mluhya anayeishi Doha ni watu wanne tofauti. Kila mmoja anataka urefu wake wa makala, lugha yake, bei yake na njia yake ya kulipata jarida.

Ningekuwa mimi ningemchagua mwalimu wa muziki. Ana sababu ya kulinunua, analiweka kwenye maktaba ya shule ambako wanafunzi mia watalipitia, na tamasha lile, ambalo limekuwepo tangu 1927, linamrudisha kila mwaka kwenye nyimbo za asili akitafuta maelezo. Tena sasa mtaala mpya umeweka sanaa na michezo kuwa mkondo kamili katika shule za upili za juu, na vifaa vya kusomea muziki wa maeneo yetu bado ni haba.

Ukishamjua msomaji, chora ramani ya kurasa. Chukua karatasi kubwa, gawa vijisanduku kwa idadi ya kurasa, na andika ndani ya kila kimoja kitakachokaa humo. Idadi ya kurasa lazima igawike kwa nne, maana karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne. Kurasa 24 ni karatasi sita zilizokunjwa. Ukija kwa mchapaji na kurasa 26 atakuongezea mbili tupu na kukutoza za 28. Ramani hii pia ndiyo inayokuonyesha mapema kwamba umepanga mahojiano matano mfululizo bila picha ya kupumzikia.

Kwa mradi wa kwanza kurasa 24 zinatosha, na ikiwa pesa ni tatizo, saizi ya A5 haina aibu. Kurasa 24 za A5 zinatoka kwenye karatasi sita za kawaida za A4, na unaweza kuzikunja bwenini na kuzibana kwa stepla ya mkono mrefu.

Jalada na kurasa za ndani

Jalada lina kazi mbili: kutambulika kwa mbali na kumfanya mtu afungue. Picha moja yenye nguvu inashinda tano ndogo. Macho ya anayepigwa picha yakimtazama msomaji moja kwa moja, jalada hukaa hai. Hii ni mbinu ya zamani na bado inafanya kazi. Ikiwa mhusika ni mpiga isukuti, mpige akiwa na ngoma yake mwenyewe, kwapani inapokaa, wala usimvishe ngozi alizoazima kwa ajili ya kamera. Maneno ya jalada yawe machache na yaseme jambo. "Mahojiano ya kipekee" hayasemi kitu. "Nani atarithi ngoma ya Shinyalu?" yanasema.

Picha ndiyo hukwamisha wengi, kwa hiyo tuhesabu. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Uchapaji mzuri unahitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani picha ya jalada iwe na pikseli zisizopungua 2,480 kwa 3,508. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatia, ili kisu cha mchapaji kikiyumba kidogo kisiache mstari mweupe pembeni. Simu ya kawaida yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa takriban 3,000 kwa 4,000, kwa hiyo simu inatosha, ilimradi mwanga uwe mzuri. Balaa ni WhatsApp. Picha ikipitishwa humo kwa njia ya kawaida hubanwa, na ikifika na pikseli 1,600 upande mrefu, itachapika vizuri kwa sentimita 13 na nusu tu. Itume kama waraka, au ihamishe kwa waya.

Rangi nayo ina mtego wake. Kioo cha kompyuta hutoa rangi kwa mwanga, mtambo wa kuchapa huchanganya wino wa aina nne. Kijani kile kinachowaka kwenye kioo kitatoka kama majani yaliyonyauka. Badilisha faili kuwa rangi za wino kabla ya kulipeleka, na omba nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa zote. Mchapaji akikataa kutoa nakala ya majaribio, tafuta mwingine.

Programu si lazima iwe ya kulipia. Scribus hupanga kurasa, GIMP hushughulikia picha, Inkscape huchora nembo, na zote ni za bure kihalali. Canva inafaa kwa bango, ila kwa makala marefu yenye safu mbili inachosha. Ukitumia InDesign ya chuo ni vyema zaidi. Maandishi ya makala yawe ya ukubwa wa pointi 9 na nusu hadi 10 na nusu, fonti mbili zinatosha jarida zima, na ukurasa wa A4 wenye picha ndogo hubeba maneno 600 hivi. Mwanafunzi anayeandika maneno 2,000 na kutaka yaenee ukurasa mmoja ataishia kupunguza herufi mpaka mwalimu wetu wa muziki avae miwani miwili.

Kiswahili kwenye safu nyembamba

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa vitabu vya usanifu vilivyoandikwa Ulaya haviligusi jambo hili. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Neno kama "walivyomsikiliza" ni sentensi nzima kwa Kiingereza. Ukiliweka kwenye safu nyembamba ya tatu kwa ukurasa, na ukaagiza programu inyooshe pande zote mbili, itaacha mapengo makubwa kati ya maneno, na ukurasa utaonekana kama mdomo uliopungua meno. Tumia safu mbili badala ya tatu, na acha upande wa kulia usinyooshwe.

Tena programu nyingi hukata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Utakuta "wan-" juu na "amuziki" chini. Silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu: wa-na-mu-zi-ki, ngo-ma, ta-ra-bu. Zima ukataji wa kiotomatiki, ukate kwa mkono pale tu inapobidi. Angalia pia ritifaa ya ng'. Kwa tahajia, LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili. Pitisha makala humo kwanza kabla ya kuyamwaga kwenye kurasa, halafu yasomwe na watu wawili ambao hawakuyaandika.

Lugha gani itumike ni uamuzi wa wahariri, ila msiandike kwa Kiingereza kwa sababu tu mradi utasahihishwa na mhadhiri. Mzee wa Ikolomani mliyemhoji anastahili kuweza kusoma kilichoandikwa juu yake. Maneno yake ya Lwidakho yawekwe kama alivyoyasema, yakifuatwa na maelezo ya Kiswahili, na yathibitishwe na mwenye lugha. Lwisukha na Lwidakho si kitu kimoja na Lubukusu, na kuandika "Kiluhya" kwa kila kitu kutawachekesha wenyeji.

Kwenda kwa wenyewe

Mahojiano hayafanywi kwa simu ikiwa mtu anaishi umbali wa nauli ya matatu. Nenda na mtu wa hapo anayemfahamu. Salimu kwa "Mulembe", ukae, uulizwe wewe ni mtoto wa nani na kwenu ni wapi, kabla hujatoa kinasa sauti. Kijana wa Mombasa atashangaa jinsi jibu la swali hilo linavyofungua mlango, kwani wazee wengi wa huko walipata kufanya kazi bandarini au kwenye reli, na wana hadithi zao za Makupa na Tudor. Beba sukari na majani ya chai. Hiyo haiitwi hongo popote nchini.

Andika tarehe, mahali, majina kamili ya wote wanaosikika, na aliyetunga wimbo. Uliza nani alimfundisha. Uliza ngoma iliundwa na nani na kwa mti gani. Hayo ndiyo yatakayotafutwa miaka thelathini ijayo, kuliko swali la "unawashauri nini wasanii chipukizi".

Sheria, bila kuogopa na bila kupuuza

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi ya sauti na picha ya kamera zina miaka 50 kila kimoja kwa hesabu yake. Kwa hiyo kuchapa maneno ya wimbo mzima, au picha ya jalada la santuri mliyoichomoa mtandaoni, kunahitaji idhini. Omba kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi, na uhifadhi jibu. Msilichanganye suala hili na lile la MCSK, chama kilichoundwa 1983 kukusanya mirabaha ya nyimbo zinazopigwa hadharani.

Isukuti haina mtunzi mmoja, na hapo huingia Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016, ambayo inataka jamii yenye mali hiyo iridhie kabla, ikijua inaridhia nini. Kwa jarida la wanafunzi maana yake ni kuzungumza na viongozi wa kikundi, kuwaeleza jarida ni la nini na litauzwa au la, na kuwatajia kwamba mpo tayari kuwaonyesha makala kabla. Watoto wa shule wanaocheza wanahitaji ridhaa ya wazazi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Lililo zito zaidi ni Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111. Inadai usajili, inadai nakala ziwasilishwe kwa msajili, na toka marekebisho ya mwaka 2002 dhamana ya mwenye gazeti ilipandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni moja. Sheria hiyo ilisemwa ni ya kuwabana wachapishaji wa magazeti ya udaku ya mitaani, na kivuli chake kinamwangukia hata kijana wa chuo mwenye nia safi. Milioni moja ni karo ya miaka mingi. Maoni yangu ni kwamba majarida ya shule na vyuo yangepaswa kutengwa waziwazi na mzigo huo, na wabunge wetu wa Pwani, ambao mara nyingi hutulilia utamaduni kwenye majukwaa, wangeweza kuleta marekebisho ya aya moja. Mpaka hapo, kabla ya kuuza nakala hata moja nje ya lango, pelekeni suala hili kwa ofisi ya sheria ya chuo, na jarida litoke kwa jina la idara. Msijifanye kampuni.

Pesa

Hesabu ya jarida ina sehemu mbili: gharama isiyobadilika hata ukichapa ngapi, kama nauli za utafiti na maandalizi ya mtambo, na gharama ya kila nakala. Chukulia namba za mfano tu: maandalizi 6,000, kila nakala 120. Ukichapa 50, kila moja imekugharimu 240. Ukichapa 200, kila moja ni 150. Hapo ndipo vijana hudanganyika, wakaona 200 ni nafuu. Bei ya kuuzia ikiwa 200 na wakauza 60 tu, wameingiza 12,000 dhidi ya 30,000, na nakala 140 ziko chini ya kitanda. Wangechapa 50 na kuziuza zote, hasara ni 2,000, ambayo tangazo moja la duka la vitabu lingeiziba.

Kwa idadi ndogo chagueni uchapaji wa kidijitali. Mtambo mkubwa wa ofseti unahitaji sahani za kuchapia zitengenezwe kwanza, na gharama hiyo huanza kuleta faida nakala zikifika mamia kadhaa. Karatasi ya gramu 90 au 100 ndani na 200 kwa jalada inatosha. Karatasi nzito inayong'aa hupendeza siku ya kuwasilisha mradi na huakisi taa usiku mtu anaposoma.

Matangazo yatafutwe mapema, yawekewe mpaka unaoonekana na neno "Tangazo" juu yake. Msimtoze mwanamuziki ili aandikwe. Mazoea hayo yameharibu redio zetu na kurasa za burudani, kila mtu anajua, na jarida la wanafunzi likianza nayo halitakuwa na tofauti na bango.

Nakala ziende wapi

Nakala tano za kwanza zitoke kabla ya zile za mtihani. Mbili ziende kwa waliohojiwa, mkono kwa mkono, wala msizitume kwa mtu. Moja maktaba ya chuo, moja maktaba ya taifa tawi la Kakamega, moja kwa shule iliyo karibu zaidi na kikundi mlichokiandika. Faili la PDF liwekwe mahali pawili, na sauti za mahojiano zihifadhiwe pamoja na karatasi yenye majina, kwa sababu sauti isiyo na jina la msemaji baada ya miaka kumi haimfai mtu. Chama cha wanafunzi wa Pwani hapo MMUST kikipata nakala, kilete moja huku.

Na kwa waliobaki Mombasa, Kilifi na Lamu: Juma Bhalo alitutoka mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016. Mengi ya maana juu yao na juu ya tarabu ya Mombasa yameandikwa na watafiti wa nje, kwa Kiingereza na Kijerumani, yako kwenye majarida ya vyuo yasiyofika Kibokoni. Them Mushrooms walianza mwaka 1972 na kutoa "Jambo Bwana" 1982. Wapo watu waliokuwa ukumbini siku zile na bado wana akili timamu na picha kabatini. Santuri za Mzuri zimo majumbani, nyingine zimefunikiwa sufuria. Kurasa 24, karatasi sita.